Mia kwa Mia ya Wangapi?

Siku matokeo ya mitihani yanapotoka, barabara za Baraka zinageuka nyeupe. Mnajua ninachosema. Puda inamwagwa vichwani mpaka nyusi za mtoto zinafanana na za babu yake, motari anapiga honi mfululizo, mama anatoka ndani na kitenge kimoja kiunoni na kingine mkononi, anakipunga juu. Jioni ikifika, hata aliyeshinda Mboko anajua ni nani amepita mtaani kwake, maana puda haifichiki.

Halafu maprefe, wakuu wa shule za sekondari, wanaanza kusema. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, na prefe naye ana shule ya kuvutia. "Sisi tumefanya mia kwa mia." Neno hilo linakimbia kuliko pikipiki. Kabla jua halijazama limeshafika sokoni kwa mama muuza ndagala, ambaye mtoto wake amemaliza mwaka wa sita na anatafuta pa kumpeleka mwaka wa saba. Hana haja ya kuuliza kitu kingine. Amesikia mia kwa mia, amechagua.

Jambo kwenu wasikilizaji wa Baraka, wa Fizi-centre kule mlimani, wa Sebele, wa Nundu, wa Lusenda, na ninyi ndugu zetu wa Ubwari mnaotusikiliza kutoka ng'ambo ya ghuba. Swali ninalolileta leo ni fupi. Mia kwa mia ya wangapi?

Mimi ni mwalimu. Kifaransa cha mwaka wa saba na wa nane nimekifundisha tangu wakati ule tulioita madarasa hayo "orientation", mwaka wa kwanza na wa pili wa sekondari. Nilianza kambini Lugufu, mkoani Kigoma, tulipokuwa wakimbizi, nikaendelea hapa nyumbani baada ya meli kuanza kuturudisha Baraka. Kwa hiyo sitaki mnione kama mtu anayekuja kuwasema maprefe kutoka nje. Kitabu cha majina ya wanafunzi nimekishika mimi mwenyewe miaka mingi, na humo ndimo nilimopata swali hili.

Chukueni mfano. Nasema mfano, hizi nambari nimezitunga ili tuelewane, msianze kutafuta ni shule gani. Shule mbili za serikali. Ya kwanza iko mjini, matofali ya kuchoma, mabati mazima. Mwezi wa tisa iliandikisha watoto 60 katika mwaka wa saba. Miaka miwili baadaye, watoto 22 waliketi kwenye TENASOSP, ule mtihani wa mwisho wa mwaka wa nane unaomwelekeza mtoto aende humanités au ajifunze kazi. Wote 22 wakapita. Mia kwa mia, puda, honi. Shule ya pili iko kijijini, ukuta wa udongo, nusu ya paa ni nyasi. Nayo iliandikisha 60. Walioketi ni 51, waliopita ni 40. Asilimia 78. Hakuna aliyepiga honi.

Sasa rudini kwenye wale 60 wa mwanzo wa kila upande. Shule ya mjini imewavusha 22. Ya kijijini imewavusha 40. Mama muuza ndagala, ukimpeleka mtoto wako shule ya kwanza, nafasi yake ya kufika mwisho ni zaidi kidogo ya moja kwa tatu. Ukimpeleka ya pili, ni mbili kwa tatu. Na wewe umechagua ya kwanza, na hukufanya kosa lolote, kwa sababu hakuna aliyekuambia habari ya wale 38.

Wako wapi wale 38? Hilo ndilo ninalotaka tulikalie leo.

Lakini kwanza tukubaliane juu ya neno "shule ya serikali", maana hapa kwetu linachanganya. Elimu ya pwani hii ililelewa na madhehebu tangu mbali; Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, walifungua misheni ya Kibanga mwaka 1883. Serikali ilizichukua shule za madhehebu mwaka 1974, ikayarudishia madhehebu kuziongoza kwa mkataba wa Februari 1977. Leo shule ya Wakatoliki, ya Waprotestanti, ya Wakimbangu au ya Waislamu iliyo ndani ya mkataba ni ya serikali sawasawa na ile iliyoandikwa "officielle". Programu ni moja, mtihani ni mmoja, mavazi ni yale yale, shati nyeupe na bluu chini, kutoka hapa hadi Kinshasa. Ukisimama barabarani saa saba mchana watoto wakitoka, huwezi kujua nani ni wa shule gani. Ndiyo maana mzazi anatafuta alama ya kuzitofautisha, na alama pekee aliyopewa ni hiyo asilimia.

Turudi kwa wale 38. Wengine walirudia mwaka. Wengine familia ilihama. Hao tuwaache. Lakini kuna kundi moja ninalolijua vizuri, na nitalisema wazi kwa kuwa nilikuwa chumbani. Mwaka mmoja, katika shule ambayo sitaitaja, tuliitwa walimu wote kabla ya kupeleka orodha ya watahiniwa. Orodha ikasomwa jina kwa jina. Penye jina la mtoto mdhaifu, kalamu nyekundu. Wazazi wa wale wa kalamu nyekundu waliitwa mmoja mmoja wakaambiwa kwa upole: mtoto wako hatapita hapa, mtafutie shule nyingine, ataona nafuu. Baadhi walipata shule nyingine. Baadhi hawakupata, wakakaa. Mwaka ule tulifanya asilimia nzuri sana, na mimi nilisimama kwenye picha. Nilikuwa nimemfundisha mmoja wao miezi kumi na sita. Alikuwa mzito kwenye kuandika lakini alipenda kusoma kwa sauti, na alisoma vizuri. Nilimkuta miaka michache baadaye anapakia mchanga.

Ugonjwa huu hatukuuanzisha sisi. Kenya, serikali ilifuta upangaji wa shule kwa matokeo mwaka 2014, na moja ya sababu zilizotajwa ni hiyo hiyo: shule zilikuwa zinawasukuma pembeni watoto dhaifu ili zisionekane chini. Tanzania, ng'ambo hapo tu, Baraza la Mitihani liliacha mwezi wa kwanza 2023 kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Majirani wetu wameliona tatizo wakazima taa. Mimi sikubaliani na kuzima taa. Mzazi ana haki ya kujua shule ipi inamfaa mtoto wake, na shule inayolala ina haja ya kuamshwa. Ninachotaka ni taa iwashwe pande zote mbili, tuone walioingia na tuone waliotoka.

Sasa kundi kubwa zaidi katika wale 38. Hawa hawakufukuzwa na kalamu nyekundu. Walifukuzwa na minervali, yaani ada ya shule.

Hapa lazima niende polepole, maana wengi wanachanganya. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya primeri ni ya lazima na ni bure katika shule za serikali. Sheria ya elimu ya Februari 2014 ikaja ikasema elimu ya msingi ni miaka minane, yaani mwaka wa saba na wa nane vimo ndani yake. Maneno mawili: primeri, na elimu ya msingi. Katikati ya maneno hayo mawili kuna miaka miwili, na katika miaka hiyo miwili ndimo watoto wa Fizi wanamopotelea. Shule za bure zilipoanza kutekelezwa Septemba 2019, kila mzazi hapa alijifunza haraka mpaka uko wapi. Uko mwisho wa mwaka wa sita. Mtoto anavuka likizo kubwa, anarudi Septemba akiwa mwanafunzi wa mwaka wa saba, na mlangoni anakuta minervali, primu ya walimu, pesa ya mitihani, pesa ya buletini.

Miaka sita mtoto hajawahi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya makuta. Mwaka wa saba anarudishwa. Na mnajua wakati gani: wiki ya mitihani ya semesta, kwa sababu ndio wakati mzazi anabanika. Prefe anapita na orodha, "fulani, fulani, simameni, mwende nyumbani." Mtoto wa miaka kumi na tatu anasimama mbele ya wenzake. Mara ya kwanza anarudi na pesa. Mara ya pili anarudi na nusu. Mara ya tatu harudi. Mvulana anaingia kwenye mtumbwi na wavuvi wa usiku, taa na nyavu, au anapanda gari la kwenda Misisi kwenye dhahabu. Msichana anabaki sokoni na mama, na kabla mwaka haujaisha watu wameanza kuja nyumbani kuongea habari za mahari. Hakuna mtu anayesema ameacha shule. Wanasema "bado tunatafuta pesa."

Najua prefe mmoja ananisikiliza sasa anasema, mwalimu, wewe unajua kwa nini tunaomba pesa hizo. Ndiyo, najua, na nitasema, maana haki ni kusema zote mbili. Shule inaweza kuwa na ruhusa ya serikali, ina jina, ina muhuri, lakini haijamekanizwa, yaani walimu wake hawajaingia kwenye orodha ya malipo ya SECOPE, ambayo siku hizi inaitwa DINACOPE. Mwalimu wa namna hiyo tunamwita NU, nouvelle unité, jina zuri la mtu asiyelipwa. Kuna walimu wanaoitwa unité mpya na tayari wana mvi. Prefe wa shule yenye NU sita kati ya walimu kumi hana chungu kingine cha kuchotea ila mfuko wa mzazi. Akiacha kufukuza watoto, walimu wanaondoka. Akifukuza, watoto wanaondoka.

Kwa hiyo mnapolinganisha shule mbili za serikali, ulizeni swali hili kabla ya asilimia: walimu wangapi wa mwaka wa saba na wa nane wanalipwa na serikali? Nimeona shule mbili zinazotazamana, moja imemekanizwa zamani, nyingine haijamekanizwa. Ya kwanza minervali ni ndogo na mwalimu wa hisabati ni yule yule miaka minane. Ya pili minervali ni kubwa zaidi, na mwalimu wa hisabati hubadilika kila mwaka. Watu wanasema ya kwanza ina prefe hodari. Huenda ni hodari kweli, lakini tofauti kubwa imetoka Kinshasa, kwenye karatasi.

Na tusizungumze kana kwamba Fizi yote ni Baraka. Teritwari ya Fizi ina kilomita za mraba 15.788. Hiyo ni zaidi ya nusu ya nchi nzima ya Burundi. Sekta nne, Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge, na mji wa Baraka juu yake. Mkaguzi wa shule akitaka kutoka Baraka kwenda Lulimba wakati wa mvua, barabara ile ya taifa namba 5 inaweza kumlaza njiani. Kilembwe ni safari nyingine. Nyanda za juu za Minembwe ni safari ambayo, kwa vita vya miaka hii, mwalimu hafungi mzigo kabla ya kuuliza kwanza nani anashika njia. Kuna shule huko zilizochomwa, na madarasa yaliyohama pamoja na wazazi, jamii zote, bila kuchagua kabila.

Ubwari nao wana hesabu yao. Vijiji vingi vya rasi ile vina primeri, lakini mtoto akimaliza mwaka wa sita, mara nyingi anavushwa kwa mtumbwi kuja Baraka. Hapa anakaa kwa mjomba au kwa shangazi, kitanda kimoja watoto wanne. Mjomba akihama au akichoka, shule imekwisha. Kitabu cha shule ya Baraka kinaandika "ameacha". Hakiandiki kwamba mtoto huyu alikuwa anavuka ziwa kutafuta mwaka wa saba.

Ukiweka shule ya Baraka-centre na shule ya Ngandja kwenye mstari mmoja, ukasema ya kwanza asilimia 95, ya pili asilimia 60, umelinganisha nini? Umelinganisha barabara. Umelinganisha mshahara wa walimu, na usiku wa watu kulala au kutolala. Mtoto wa Ngandja aliyepata asilimia 60 chini ya mwalimu NU mmoja anayefundisha masomo manne huenda amepanda mlima mrefu kuliko mwenzake wa mjini.

Neno kuhusu masomo yenyewe, nisije nikaonekana naongea pesa tu. Mwaka wa saba ni mgumu hata kwa mtoto anayelipiwa. Hadi mwaka wa sita alikuwa na mwalimu mmoja, kama mzazi wa pili, na akikwama kwenye Kifaransa mwalimu anamrudishia kwa Kiswahili. Mwaka wa saba wanaingia walimu saba au nane, kila mmoja na somo lake, kengele ikilia anatoka, na wote kwa Kifaransa. Nyumbani mtoto anasema Kibembe, Kifuliiru, Kibuyu, Kinyamulenge au Kirundi. Barabarani Kiswahili. Kifaransa ni lugha ya tatu, na ghafla ndiyo lugha ya kuelezea kwa nini maji yanachemka. Halafu programu mpya za sayansi zimeleta TEHAMA, ambayo kwetu inaitwa TIC. Ni jambo zuri. Lakini nimeona mwalimu akichora kompyuta ubaoni kwa chaki, kibodi yote, herufi kwa herufi, kwa subira kubwa, na watoto wakiichora kwenye madaftari. Alikuwa mwalimu mzuri sana. Kompyuta yenyewe hapakuwa nayo, wala umeme. Mkiuliza shule ipi ni bora, ulizeni pia: mwaka wa saba, nani anamshika mkono mtoto wakati wa kuingia kwenye Kifaransa? Shule yenye mwalimu anayebaki jioni kwa muda wa saa moja na wanaokwama, hiyo ningempeleka mjukuu wangu hata kama paa linavuja.

Lusenda inatufundisha kitu kingine. Tangu kambi ya wakimbizi wa Burundi ifunguliwe mwaka 2015, watoto wa Burundi wanasoma katika shule zetu, programu yetu, benchi moja na watoto wetu. Madarasa yameongezwa kwa msaada wa HCR na washirika wake. Mtu wa Baraka akipita pale anasema, hawa wamebahatika, tazama madarasa. Ni kweli. Lakini hesabuni watoto ndani ya darasa kabla ya kuhesabu madarasa. Na tangu Bukavu ianguke mwezi wa pili 2025, familia nyingine zimeteremka huku kutoka kaskazini na watoto wao, wengine bila buletini, bila karatasi yoyote ya kuonyesha walifika mwaka gani. Shule iliyowapokea hao katikati ya mwaka itaonekana dhaifu kwenye asilimia. Shule iliyowafungia mlango itaonekana bora. Ipi kati ya hizo mbili inastahili puda?

Nilisema nilianza Lugufu. Sipendi kusifu kambi, maisha ya kambini ni maisha ya kuhesabiwa. Lakini katika kuhesabiwa huko kulikuwa na jambo moja ambalo hatukulileta nyumbani. Kila familia ilikuwa na karatasi ya posho, na kwenye karatasi hiyo kila mtoto alihesabiwa, maana unga na maharage vilipimwa kwa vichwa. Mtoto wa mwaka wa saba asipokuja darasani siku tatu, nilikwenda kwa kiongozi wa kijiji cha kambi. Alijua nyumba, alijua mama, alijua kama ni malaria au ni kwamba mtoto ametoroka kwenda kulima kwa watu. Tulimpata. Tulikuwa tunafundisha chini ya hema na chini ya mti, tulikosa vitabu, tulikosa chaki, lakini hakuna mtoto aliyepotea bila mtu kujua. Tumerudi kwenye nchi yetu, kwenye ardhi ya babu zetu, na hapa mtoto anaweza kutoweka darasani mwezi wa tatu, jina lake likapigwa mstari, na wiki hiyo hiyo tukapanga viti kwa ajili ya sherehe.

Nani wa kuwahesabu? Hatuhitaji kungoja mradi kutoka nje. Kila shule ina komite ya wazazi, COPA, na ina baraza la uongozi, COGES, ambamo wazazi wanakaa pamoja na prefe na walimu. Kitabu cha majina kipo. Mzazi aliye ndani ya COPA anaweza kuomba mambo mawili tu kwenye mkutano: mwaka wa saba wameingia wangapi, wavulana na wasichana, mwaka wa nane wameketi kwenye mtihani wangapi, wavulana na wasichana. Hakuna siri humo. Jina la mtoto yeyote halitajwi. Prefe anayejua kazi yake ana nambari hizo kabatini. Ofisi ya sous-division nayo inazipokea kila mwaka. Zinapokelewa, zinajumlishwa, zinapelekwa juu. Zinachokosa ni kurudi chini kwa mama anayechagua shule.

Na ninaomba wasichana wahesabiwe peke yao. Mkichanganya, wavulana watawaficha. Nilikuwa na darasa lililoanza wasichana ishirini na kitu, likamaliza na wanane, na hakuna mtu aliyelalamika, kwa sababu darasa lilionekana limejaa. Lilijazwa na wavulana waliohamia. Nilipokwenda kuuliza nyumba kwa nyumba, baadhi walikuwa wameshapata watoto. Wengine walikuwa wameacha kwa sababu shule haikuwa na choo cha wasichana chenye mlango, na hilo walimwambia mke wangu, mimi hawakuniambia.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili ndilo lililonileta studio leo na si mwaka jana wala mwaka kesho. Mtoto aliyeingia mwaka wa kwanza Septemba 2019, siku ile shule za bure zilipoanza, ambaye hakurudia, alimaliza mwaka wa sita 2025. Septemba 2025 amefika mlangoni kwa mwaka wa saba. Ndiyo mbegu ya kwanza ya shule za bure, mbegu ambayo haijawahi kulipa primeri hata mwaka mmoja. Mnakumbuka jinsi madarasa yalivyojaa 2019, benchi la watatu likabeba watano? Hao ndio hao. Wazazi wengi wao ni wale ambao wasingeandikisha kabisa kama si bure. Wamelelewa miaka sita na nchi, na sasa nchi imewaachia mkono ukingoni.

Wakuu wa elimu wa Fizi na Baraka, na ninyi wabunge mliochaguliwa na teritwari hii: sheria ya 2014 imesema miaka minane. Timizeni miaka minane. Walimu NU wa mwaka wa saba na wa nane waingie kwenye malipo kwanza, kabla ya kufungua shule nyingine mpya ya kuonyesha kwenye hotuba. Mkifanya hilo, prefe atapata sababu ya kuacha kupita na orodha wiki ya mitihani.

Maprefe, wenzangu. Kizazi hiki cha 2019 kitaketi kwenye TENASOSP katikati ya 2027. Siku hiyo mtakuja hapa, kama kila mwaka, kutangaza asilimia zenu, na mikrofoni itakuwa wazi kwenu wote, wa mjini na wa kijijini. Ninaomba mje na nambari mbili. Ya pili mtaijua siku hiyo. Ya kwanza ni idadi ya watoto walioandikishwa mwaka wa saba mwezi wa tisa 2025, wavulana na wasichana, na hiyo tayari iko kwenye vitabu vyenu. Iandikeni leo kwenye karatasi kubwa, muibandike mlangoni pa shule, mahali mama anayepita anaweza kuisoma, na msiitoe mpaka 2027.